Neno Walilolisema Juu ya Kitanda cha Baba

Kandida alikuwa ameshika bakuli la uji pale daktari alipomgeukia muuguzi na kuanza kusema Kiingereza. Ndiyo desturi ya wodi: habari mbaya hupitishwa juu ya kichwa cha mgonjwa kwa lugha asiyoijua. Kandida aliishia kidato cha nne, na kwa kasi ile hakushika hata robo. Kisha likaja neno moja, mortality. Uji ukamwagikia shuka.

Neno lile hakuwahi kulisoma popote. Mzizi wake ndio alioujua, tena alifundishwa na huyohuyo aliyelala kitandani, baba yake, mzee Theodory.

Theodory alikuwa katekista huko Bagara. Ujanani alisoma seminari ndogo, akaacha, akaoa, akarudi shambani na Kilatini chake. Jioni watoto wakipukuchua mahindi, aliwafundisha Kiingereza kwa njia yake mwenyewe: kwanza neno la kanisani, halafu uzao wake. Manus ni mkono, basi manual ni kazi ya mkono. Lumen ni mwanga, basi illuminate ni kuangaza.

"Maneno yana koo kama sisi Wairaqw," alikuwa akisema. "Ukimjua babu, mjukuu hakupotei."

Majirani walimcheka. Mama Festo alimwuliza kama hata ng'ombe wake humkamua kwa Kilatini. Akajibu kwamba ndiyo, na ndiyo sababu maziwa yake hayana maji kama ya watu fulani.

Na katika Salamu Maria aliyowafundisha kwa Kilatini, mwisho kabisa, kuna mortis: saa ya kufa kwetu.

Daktari akarudi kwenye Kiswahili, akasema mzee anaendelea vizuri, wazidi kumpa uji. Kandida akaitikia asante. Jana yake kaka yake, Severine, alikataza padre asiitwe. Kwao mgonjwa haambiwi kwamba anakufa, na akiona mafuta matakatifu wanayopakwa walio mahututi atajua tu. Sasa Kandida afanye nini? Akinyamaza, mtu aliyewasindikiza wengi kaburini kwa sala ataondoka bila mpako. Akisema, itakuwa kama amemwua kwa ulimi.

Akainama kufuta shuka. Mkono wa mzee ukamshika kanga.

"Kandida."

"Abee, baba."

"Umelisikia lile neno."

Alitaka kusema hakusikia. 

"Mimi nimelisikia tangu jana," mzee akasema taratibu. "Walilisema hapahapa, wakidhani nimelala. Nikawa nawangoja ninyi wanangu mniambie. Mwite padre, mama, kabla kaka yako hajaja kunidanganya."

Kandida alitoka na simu mkononi, akampigia padre. Padre alikuwa Sigino kwa mgonjwa mwingine, akaja na matope kwenye viatu. Theodory aliungama, akapakwa mafuta, akaitikia kila sala bila kukosea. Severine alipofika mlangoni na kumwona padre, alisimama kama aliyepigwa. Baba yake akamwita, akambariki.

Alfajiri Mungu akamchukua.

Watu walipofika Bagara kutoa pole, walimkuta Kandida hajalia bado. Kila aliyemshika mkono, Kandida alimwambia lilelile: baba alilala kutwa nzima na kifo chake kitandani, peke yake, na wao wanawe walikuwa wamekaa pembeni wakimzungumzia habari za mvua.