Gitaa Nililolipiga kwa Goti

Mwaka wa uhuru wa Kongo nilikuwa fundi wa mashine ya kukoboa kahawa kwenye shamba la Mbelgiji mmoja, juu kidogo ya Mutwanga. Alikuwa na gitaa la kulaza. Gitaa hilo halishikwi kifuani. Linasimama kwa miguu yake minne kama meza nyembamba, nawe unaketi nyuma yake. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kuume unazidonoa. Chini kuna pedali mbili. Ukikanyaga moja, waya uliofichwa tumboni mwa gitaa unavuta uzi, na sauti inapanda bila mkono kusogea.

Siku aliyoondoka, gari lake lilijaa masanduku na mbwa wawili. Gitaa halikuingia. Akaniita na kuniambia nilichukue, maana alikuwa ameniona mara nyingi nimesimama dirishani nikimsikiliza. Nilimsaidia kufunga mlango wa nyuma, akaenda zake.

Nililifikisha kwetu Butembo juu ya magunia, kwa lori la mfanyabiashara Mwislamu wa Beni aliyekuwa akibeba kahawa ya shamba. Nilijifunza polepole, nikaingia katika orchestre, yaani bendi, ya mtaani kwetu. Mama yangu hakulipenda.

"Hii chuma yako inalia sawa paka," alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Kisha uasi ukafika. Waasi walipoingia mjini tulikimbilia milimani, upande wa Lubero. Gitaa nililifunga kwa mikeka nikaliacha darini. Njiani lori tulilopanda lilikosa breki kwenye kona, likalala ubavu. Wote walitoka wazima isipokuwa mimi: gunia la chumvi liliniangukia kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Mama mmoja aliyejua kuunga mifupa alinifunga kwa vijiti. Mfupa uliungana, lakini kifundo hakikukunjika tena.

Tuliporudi nyumbani nililikuta gitaa lizima, lina vumbi tu. Niliketi, nikakanyaga pedali. Mguu ulishuka wote kwa kishindo kama nyundo, na uzi ukapiga kelele. Nilijaribu siku tatu. Siku ya nne nikalisukuma chini ya kitanda, na wenzangu wa orchestre nikawaambia watafute mtu mwingine.

Baada ya miezi mingi nilikwenda Beni kushonewa suruali. Fundi cherehani alikuwa mzee, kaka wa yule mfanyabiashara aliyenibebea gitaa. Mashine yake ilikuwa na kipande cha chuma kilichoning'inia chini ya meza. Kila alipotaka kugeuza kitambaa alisukuma chuma kile kwa goti, na kile kiguu kinachobana kitambaa kikainuka. Mikono yake haikuachia kitu.

"Muzee," nikamwuliza, "goti inafanya nini pale?"

"Mikono yangu yote miwili iko na kazi," akasema bila kuinua macho. "Goti ilikuwa inakaa bure, donc ninaitumikisha."

Niliinama chini ya meza yake nikatazama kwa muda mrefu hadi akacheka.

"Suruali yako haiko kule chini, mon fils."

Nilirudi Butembo na suruali yangu, nikalitoa gitaa chini ya kitanda. Nilikata vipande viwili vya chuma kutoka kitanda kibovu, nikavifunga chini ya gitaa, kimoja kila upande wa goti langu la kushoto. Zile nyaya za pedali niliziondoa, nikaweka nyaya za breki ya baiskeli. Nikisukuma goti kushoto, uzi mmoja unavutwa. Kulia, uzi mwingine. Wiki ya kwanza nilikata nyuzi nne, na ngozi ya goti ikachubuka.

Shida nyingine ilikuwa hii: goti si jepesi kama mguu. Pedali ilikuwa inapandisha sauti mara moja, pah, lakini goti langu lilichelewa, likafika nusu, likatetemeka. Niliona aibu. Nilikuwa nataka kupiga kama zamani, kama Mbelgiji. Ndipo siku moja, alasiri, goti likachoka. Badala ya kuliachia nikalirudisha taratibu, na sauti ikashuka kidogo kidogo mpaka ikapotea.

Mama alikuwa uani. Akaingia mikono ikiwa na unga.

"Nani ananiita?"

"Hakuna mutu, mama. Ni gitaa."

"Hapana. Ile ni mutu anaita mwenzake toka kilima kingine. Fanya tena."

Nilifanya tena. Alisema kweli. Kwetu mtu akimwita mwenzake ng'ambo ya bonde huanza juu, kisha huiacha sauti ishuke yenyewe. Tangu siku ile niliacha kupigana na goti. Nilijifunza kulishika katikati ya njia, kulisukuma kabla ya kudonoa uzi ili sauti ianze juu, kulirudisha polepole kuliko wimbo wenyewe. Mama akawa analeta maharage yake ndani, anachambua huku akinisahihisha: "Umeshusha mbio sana. Ule wa ng'ambo hajasikia."

Orchestre ilinirudisha. Mkubwa wetu alilalamika mwanzoni kwamba ninakosea sauti, kisha akaanza kuniachia nafasi mwishoni mwa nyimbo.

Jumamosi moja tulialikwa kwenye ndoa huko Oicha, mchana, uani kwa familia moja ya wakulima. Nilipofika mahali pangu nikasukuma goti, nikadonoa, nikairudisha sauti chini. Nyuma ya wageni mama mmoja mtu mzima akasimama na sahani yake mkononi, akajibu kwa Kinande, lugha ya kwetu, kwa sauti ya juu, ya mlimani: kwamba amesikia, yuko huku, njooni. Baadaye niliambiwa mume wake na kaka yake waliondoka wakati wa uasi na hawakuonekana tena.

Wenzangu walisimamisha ngoma. Mimi sikujua kama niache au niendelee. Mama yule akanitazama.

"Piga tena, mutoto wangu. Ile ya kuita."

Nikapiga. Akajibu tena, na safari hii mama wengine wawili wakajibu pamoja naye. Halafu akaketi, akavuta sahani yake karibu, akala.

Mkubwa wetu akahesabu, tukaendelea na wimbo.