Aliyejua Maswali ya Evodi

Atakayesema huu ni utunzi aje Mirongo, aulizie kibanda cha fundi simu chenye mlango wa bluu, aniambie usoni. Nimeshagombana na watu watatu kwa sababu ya hii habari na sijutii hata mmoja. Ilinitokea mimi, kwa macho haya, saa nane mchana, jua linawaka. Na pombe sinywi, kabla hujauliza.

Kazi yangu sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kuharibu simu za watu na kutazama video mpaka mkono ukazoea. Kwetu ni Misungwi, ila nilikulia Buswelu kwa shangazi, na huko ndiko nilipompata Evodi. Tulikaa dawati moja, tukaacha shule mwaka mmoja, yeye akaenda kuvua dagaa, mimi nikashika bisibisi. Baba yake, mtu wa Kagera, alishafariki, kwa hiyo nyumbani kwao alikuwa yeye na mama yake tu. Ukimsema vibaya Evodi mbele yangu, ujue umenisema mimi na ukoo wangu wote.

Aliponunua simu yake ya kwanza ya tachi aliniletea nimfungulie. Siku hiyo wateja walikuwa wamejaa mlangoni, na kumfungulia mtu akaunti mpya kunataka utulivu. Nikamwekea akaunti yangu. Mafundi wengi tunafanya hivyo, usinikodolee macho. Maana yake ni kwamba chochote Evodi alichotafuta mtandaoni kilijiandika kwenye simu yangu pia. Na vya kwangu vikawa vinajiandika kwake.

Sasa huyu jamaa alikuwa anauliza, aisee. Twiga ana sauti? Pweza ana mioyo mingapi? Mbona mamba anakaa mdomo wazi? Ziwa letu lina kina cha mita ngapi? Niko nimeinama nachomelea, simu inaonyesha "je nzi ana ubongo," nacheka peke yangu, wateja wananiona chizi. Nampigia.

"We bwege, unaacha kutengeneza nyavu unatafuta ubongo wa nzi?"

"Nzi anao, Kichwa Moto. Wewe ndiye bado sijapata jibu."

Kichwa Moto lilikuwa jina lake yeye kuniita. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Shika hilo.

Kiangazi kilichopita upepo ulipindua mtumbwi wao wakiwa kazini. Walikuwa wanne. Watatu walishikilia ubao wakaokolewa. Evodi hapana. Simu yake ilikuwa mfukoni, imefungwa kwenye nailoni kama kawaida yao. Nilizunguka mialo yote, Igombe, Kayenze, kila mahali mitumbwi inapofikia, nauliza mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa silali. Nilikuwa nakula nikikumbushwa.

Siku ya tisa ndugu wa baba yake wakatoa uamuzi. Kwao, mtu akimezwa na maji asipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo zake, likazikwa kwa jina lake. Hapo ndipo matanga yanaisha na mama anaruhusiwa kulala. Wakapanga Jumamosi.

Siku hiyo hiyo ya tisa, saa nane mchana, simu yangu ikaonyesha kitu kipya kimetafutwa. "Twiga ana sauti."

Niliangusha bisibisi. Nikapiga namba yake, haipatikani. Nikapiga tena na tena, haipatikani. Lakini kesho yake, saa ile ile, "pweza ana mioyo mingapi." Siku ya tatu yakaja matatu kwa mfululizo, mamba, kisha ziwa. Kisha nzi. Yale maswali yake yote, kwa mpangilio ule ule aliouliza zamani. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini anarudia kama mtoto anayekariri. Mimi nilisema ni yeye, yuko hai, anatafuta namna ya kuniambia.

Nikakimbilia Buswelu. Baba yake mdogo alikuwa nyuma ya nyumba na panga, anachagua mgomba. Sikusalimia. Nililikwapua lile panga.

"Kijana, rudisha panga," akasema.

"Sirudishi. Evodi yuko hai. Siku ya tatu leo anauliza maswali, tazameni."

"Ameuliza nini?"

"Kwamba... twiga ana sauti."

Watu wa msibani wakatazamana. Kuna mama mmoja akaguna.

"Mtu yuko majini siku kumi na moja," akasema yule mzee taratibu, "anapata simu, hampigii mama yake, anauliza habari za twiga. Huyo ndiye Evodi wako?"

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, na yeye ni sawa na baba yangu. Wangenipiga siku ile kama siyo Mama Evodi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefunga kanga kiunoni, macho yamevimba. Akaniita nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo Ma."

"Marahaba. Mwanangu, unaniletea mtu au unaniletea simu?"

"Nakuletea mtu, Ma. Nipe kesho tu."

Akamgeukia yule mzee. "Shemeji, mpe kesho."

Unaona nilichofanya? Nilimpa mama wa watu tumaini, tena mbele ya watu.

Simu ikiwa kwenye akaunti yako unaweza kuitafuta kwenye ramani ikaonekana kama kidoti. Siku za mwanzo ilikuwa inakataa. Tangu maswali yaanze ikakubali, na kidoti kilikuwa katikati ya maji, kila siku kinasogea kidogo kuja huku kwetu. Alhamisi ile nilipotoka Buswelu maswali nayo yakabadilika. "Mtu akirudi nyumbani anasema nini." "Mama hulia kwa sababu gani." Evodi hajawahi kuuliza vitu kama hivyo. Nilisoma nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Ijumaa mchana kidoti kilikuwa nchi kavu, kwenye mawe, mbele kidogo ya Igombe. Nikachukua bodaboda mpaka barabara ilipoishia, nikatembea. Dagaa walikuwa wameanikwa uwanja mzima na hapakuwa na mtu, wote wamekimbilia vivulini. Na ndege hawakuwepo. Wewe unayejua mwaloni, umewahi kuona dagaa wameanikwa bila korongo hata mmoja kunyatia? Mimi niliona na nikapita.

Alikuwa amekaa juu ya jiwe, amenipa mgongo, na ile jezi yake ya kijani. Bega lile, kisogo kile. Nilimwita nikiwa bado mbali, nikajikwaa, nikaamka. Akageuka. Sura ilikuwa ya Evodi, naapa kwa kaburi la mama yangu, na sasa hivi utajua kwa nini kiapo hicho kinanichoma.

Akaniita majina yangu mawili, la kwanza na la ukoo, kama yalivyoandikwa kwenye akaunti.

"Twiga ana sauti," akasema. "Ila ni ndogo."

"Evodi. Mwanangu, tumekutafuta mpaka tumechoka, ulikuwa wapi?"

"Ziwa lina mita themanini na kitu."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wake. Nikamsogelea nimkumbatie, ndipo nikaona nguo zake ni kavu kabisa lakini jiwe alilokalia linachuruzika maji, jua lote lile. Mkononi ameshika simu. Kioo kilikuwa cheusi, na ndani yake maji yalikuwa yanacheza huku na huku akiinamisha mkono. Mimi ni fundi. Simu ile haiwezi kuwaka hata ukiiombea.

"Unakumbuka mwalimu alituchapa kwa sababu gani, mimi na wewe, darasa la tano?"

Midomo ikawa inachezacheza kama mtu anapekua.

"Nipeleke nyumbani," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa Mama Evodi."

Hebu nambie, ni mtoto gani anamwita mama yake hivyo? Sisi majirani ndio tunaosema Mama Evodi. Mtaa mzima hakuna anayejua jina lake la kuzaliwa. Mimi nalijua kwa kuwa nilimsajilia laini nikaliona kwenye kitambulisho.

"Mama yako anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Hakuandika."

Hakuandika. Hakusema sikuandika. Nikaelewa yote kwa mara moja. Kitu hiki kilimpata Evodi huko chini na simu yake, kikamsoma. Kilijua kila alichotafuta, lakini hakikujua chochote ambacho hakuhitaji kutafuta. Na nani anatafuta jina la mama yake mtandaoni?

Sasa usinisifu, maana hapo ndipo nilipofanya ubaya. Ungedhani nilikimbia. Sikukimbia. Nilisimama pale nikawaza kuwa Mama Evodi ananisubiri, nimemwahidi mtu, na mtu huyu hapa, ana bega la Evodi. Bora huyu kuliko shina la mgomba. Ndivyo nilivyowaza, kwa akili timamu.

Kikawa kama kimenisikia. "Nifundishe," kikasema. "Niambie asichoandika. Nitakuwa yeye."

Nikakifundisha. Nikakiambia mwalimu alituchapa kwa kuwa tulimfungia mbuzi ofisini kwake. Kikarudia maneno yangu, na sauti ikapanda kidogo, ikawa nyepesi. Nikakiambia Evodi alikuwa anacheka kwa pua kwanza, kisha mdomo. Kikacheka. Jamani, kilicheka kile kicheko. Nikapiga magoti kwenye changarawe nikakiambia jina aliloniita.

"Kichwa Moto," kikasema. Na ilikuwa sauti yake, haikupungua kitu.

Nililia kama nimepigwa. Kikanishika begani, mkono wa baridi ile inayoingia mpaka mfupani, kikaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mama yetu anaitwa nani, Kichwa Moto? Niambie twende."

Nikafungua mdomo. Naomba uniamini, jina lilikuwa limeshafika ulimini. Kisha nikamwona yule mama kwenye mkeka wake, anamfungulia mlango huyu, anamwekea chakula, anamtandikia, na kitu hiki kimekaa mezani kinamsoma yeye sasa, siku baada ya siku, mpaka kimmalize. Lakini kile kilikuwa kimeshanishika, na jina lilitakiwa litoke. Kunyamaza nilishindwa.

Nikataja jina la mama yangu mimi. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo.

Kikalirudia mara mbili, kama mtu anaonja. "Asante, Kichwa Moto." Kikateleza kutoka kwenye jiwe kikaingia majini na simu yake, bila kutoa hata povu.

Nilirudi Buswelu jioni ile. Nilimkuta baba mdogo, nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa kushika miguu yake, nikaomba panga. Jumamosi mgomba niliukata mimi. Suruali ya Evodi niliuvisha mimi. Mama yake aliniuliza kitu kimoja tu pale kaburini.

"Ulimwona?"

"Hapana, Ma."

Na hapo nilisema kweli, ingawa mpaka leo hathubutu kuniuliza zaidi na mimi sithubutu kumtazama machoni.

Ungedhani imeisha. Wiki iliyofuata, saa nane mchana, simu yangu ikaonyesha jina la mama yangu, limeandikwa vizuri, hata herufi haikukosewa. Kesho yake tena. Kisha jina lile pamoja na Misungwi. Nilijiuliza kimejuaje Misungwi, sikuitaja. Halafu nikakumbuka: akaunti ni moja. Mwaka juzi mimi mwenyewe nilitafuta namna ya kusakafia kaburi, nikaandika na Misungwi ili nipate bei za huko.

Baba yangu anaishi peke yake kule, kaburi liko nyuma ya nyumba. Mwezi wa tisa, vumbi tupu, mihogo imekauka, alinipigia kuuliza kama nimetuma mtu kumwagilia kaburi la mama, maana kila mchana analikuta limelowa. Nilikwenda. Nilipiga magoti nikagusa. Maji yale yalinuka ziwa. Kutoka pale hadi ziwani si karibu.

Watu wananiambia nifute akaunti. Nimeshika simu mara ngapi nifanye hivyo. Lakini ukishuka chini kabisa, chini ya yote haya, yapo yale maswali ya kweli, ya Evodi mwenyewe, kabla ya maji. Nzi na ubongo wake. Hakuna picha yake nyingine niliyobaki nayo iliyo kama ile. Nikifuta hiki na yeye anakwenda, na mimi simwachi rafiki yangu mara ya pili. Niite kichaa.

Juzi kimeuliza, "mtu akirudi nyumbani abishe hodi mara ngapi."

Nimemwambia baba hivi: akija mwanamke mlangoni, hata awe na sauti ya mama, hata awe na uso wake, usimfungulie kwanza. Muulize alikuwa ananiita nani nilipokuwa mdogo. Ni neno moja la Kisukuma. Sijawahi kuliandika popote. Hata hapa utalitafuta hutaliona.

Na wewe unayesoma, uliza utakavyo, hata nzi muulizie, hakuna ubaya. Ila usimwekee mtu akaunti yako, na usichangie ya mtu. Na chagua jambo moja la nyumbani kwenu, la watu wako, usilitafute, usilitume, usiliandike. Siku mtu akirudi, utahitaji kitu cha kumuuliza.