Bomba la Mzani

Kila asubuhi, Somoe akiinjika chai yake kando ya barabara, mlinzi wa kiwanda cha korosho huvua shati, akalitundika getini, akaenda kujivuta juu, kidevu kipite, kwenye bomba la chuma lililokuwa likining'iniziwa mzani wa magunia. Zamani alikuwa kuli hapo hapo. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi na mashine zikanyamaza, alibakizwa yeye kulinda kutu. Viganja vyake vina sugu, na madoa meusi ya mafuta ya maganda hayajatoka mpaka leo. “Viganja vikitazama mbele, Mama Faidha, mgongo ndio unaobeba,” humwambia Somoe akipokea kikombe. “Vikikutazama wewe unapanda kirahisi, ila unajidanganya.” Wanaorusha miguu hana hamu nao: “Hao wanabembea tu.” Yeye hushuka taratibu, akihesabu mpaka tano, maana anasema kushuka ndiko kunakojenga mwili.

Ijumaa moja likaja lori la tajiri mpya, na vijana wenye misumeno ya chuma. “Shikamoo baba. Tumeambiwa tukate vyuma vyote.” “Marahaba. Niachieni nijivute mara moja tu.” Akalishika bomba, viganja mbele; hakupanda. Akavigeuza, hakupanda. Ndipo Somoe akamwona anarusha miguu, anarusha tena, kidevu hakifiki, mpaka akaachia bila kuhesabu. Hakuna aliyecheka. Akaenda mwenyewe kuwafungulia geti.

Kesho yake alikuja mapema, akavua shati, akalitundika. Akatazama pale bomba lilipokatwa. Kisha akalichukua shati, akalivaa tena.