Sululu Juu ya Kichanja

Mwantum binti Swalehe alikuwa mtafuta kaa wa Nyamisati, ulimi kama wembe, na kwa habari za sululu hakuwa na mpinzani. Wengine waliona ndege wa mdomo uliopinda, basi. Yeye aliwacheka. Sululu mkubwa ana mdomo mrefu zaidi na kichwa kisicho na mistari, na mtini hatui abadani. Maji yakijaa husimama mchangani akingoja matope. Mdogo ana mistari utosini, na maji yakijaa hupumzika mikokoni, mradi pasiwe na mtu.

Mwaka ule wa vita kaka yake, Kondo, alirudi kutoka Umatumbi na risasi pajani. Waliambiwa risasi zitageuka maji. Maji gani hayo, jamani! Mwantum akamficha kwenye kichanja cha boriti, mikokoni nyuma ya nyumba yake, maana askari wa Mdachi walikuwa wakinyonga kila mwanamume mwenye jeraha. Homa ikamkamata Kondo. Siku mbili alitetemeka hata matawi yakatikisika, na sululu wadogo wakakataa kutua pale. Walizunguka juu wakipiga kelele, na Mwantum akawalaani kwa kumfichua kaka yake.

Siku ya tatu, adhuhuri, maji yamejaa, askari wakafika na mtumbwi. Aliyewaongoza ni Kibwana, jirani yake, kwa kuogopa shingo yake mwenyewe. Kibwana akatazama juu, akawaambia kuwa ndege wakigoma kutua, basi mna mtu mle.

"Hao ni wale wakubwa, kaka Kibwana," alisema Mwantum. "Mtini hawatui. Wanangoja maji yapwe."

Kibwana akakuna kidevu. Kwa mbali vile, nani aone mistari ya utosini? Mkuu wa askari akaamuru wangoje. Wakaketi barazani, bunduki magotini. Mwantum akaendelea kuosha kaa, akimwomba Mungu ndege wale wasitue.

Wa kwanza akatua. Akafuata wa pili. Kisha kundi zima likajipanga juu ya kichanja, na matawi hayakutikisika.

Kibwana alishusha pumzi. Naye hakutaka damu ya jirani. "Umenidanganya, dada, hao ni wadogo," alisema. "Lakini wametua. Hamna mtu mle."

Askari wakaondoka. Mwantum hakulia mbele yao. Mtumbwi ulipopotea kwenye kona ya mto, aliingia ndani kutafuta bafta ya sanda.