Je, Figo Litachuja?

Kazi yangu katika chumba cha upasuaji hapa Kisumu ni maji. Si ya ziwani, hapana. Ni yale ya baridi tunayopitisha ndani ya figo likishatolewa kwa mtu, lisife kabla ya kuwekwa kwa mwingine. Pengine hujitokeza humo vichembe vidogo kuliko vumbi, na vikiziba mishipa ya figo, tumekwisha. Kwa hiyo nayachuja, hata daktari akininunia kwamba nachelewa.

Asubuhi moja kijana mmoja alikuwa anampa dada yake figo. Mama yao, muuza mitumba wa soko la Kibuye, aliniuliza mimi nafanya nini humo. Nikajibu kwa maringo, "Mama, mimi ndiye wa kuchuja. Bila kuchuja, figo haliendi popote."

"Mayoo! Mchujishe figo la mtoto wangu?" Akamshika kijana mkono. "Vaa viatu, twende nyumbani."

Haki ya Mungu, hasira zilinipanda. Msichana amesafishwa damu kwa mashine mpaka amebaki mifupa, leo ndiyo siku yake, halafu viatu? Nilikuwa karibu kufoka mama alipouvuta ukosi wa blauzi yangu. "Sista, nguo ikichuja hata bure haichukuliwi. Sasa figo likichuja, litamfaa nani?"

Lo! Kumbe yeye anasikia kupauka. Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba ni kama kuchuja chai, majani yasiingie kikombeni, tena yanayochujwa ni maji tu. Akasikiliza, kisha akasema polepole, "Nimekuja na wawili. Nataka kurudi na wawili."

Kijana ndiye aliyemjibu. "Mathe, niachilie." Akamwachilia.

Sikumwambia kwamba maji yale yakipita, damu hutoka na figo hupauka kweli. Nililitazama limelala kwenye barafu, jeupe, nikaogopa kama yeye. Baadaye likaunganishwa kwa dada, damu ikaingia, likawa jekundu, na mkojo ukaanza kutoka. Nikaenda mbio.

"Mama, limekubali! Binti yako amekojoa!"

Hakuinuka. "Na kaka yake?"

"Ameamka. Anakuulizia."

Ndipo machozi yakamtoka. "Nipeleke kwake kwanza, nyathina, mwanangu. Dada yake alilazwa na ugonjwa. Huyu alikuwa mzima, nimemlaza mimi."