Maji Safi ya Furu

Wiki iliyopita mwanangu alinikokota hadi kwenye duka la samaki wa mapambo mjini Mwanza, kwa sababu alikuwa amefaulu mtihani na mimi, kwa udhaifu wangu, nilikuwa nimeahidi. Akachagua mmoja tu, wa bluu iliyoiva, mapezi mekundu yanayoburuzika nyuma. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani, akasema anaitwa beta, kisha akaanza kutupa masharti. Akae peke yake, maana madume wawili watauana. Chakula punje tatu asubuhi na tatu jioni, hata akikutolea macho ya njaa. Maji ya bomba yalale siku nzima kwanza ili dawa itoke, na kila wiki upunguze kiasi uongeze mengine, usimwage yote kwa mpigo. Mwanangu alikuwa anaandika kwenye daftari kama yuko darasani.

"Na tukiyachemsha?" akauliza. Nyumbani kwetu Buhongwa hakuna anayekunywa maji yasiyochemshwa.

"Msichemshe. Maji yakichemka hewa inatoka, samaki anakosa pumzi. Huyu wenu angeweza kuvumilia, maana anapanda juu kuvuta hewa. Lakini hawa wa kwetu wa ziwani, wanakufa siku hiyo hiyo."

Utanicheka, lakini nilimwomba yule mama arudie. Nina miaka arobaini na mitano, na ndiyo kwanza nilikuwa naambiwa nani alimuua furu wa mama yangu.

Nimekulia Kamanga, ng'ambo ya mji, pale kivuko kinapotia nanga. Nyumba yetu ilikuwa karibu na maji kiasi kwamba king'ora cha kivuko ndicho kilichokuwa saa yetu. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na chai ya rangi, halafu mimi na bibi tukaenda kuanika dagaa kwenye mchanga. Kazi yangu ilikuwa kuwageuza na kufukuza kunguru, na harufu ile ilinifuata hadi shuleni, nikataniwa, nikazoea. Mama yeye aliwachambua, akitoa mawe na takataka. Mara moja moja alikuta furu katikati ya dagaa. Furu ni samaki mdogo, hazidi kiganja, na bibi alisema zamani walikuwa wengi hadi watu wanawachoka. Sangara alipojaa ziwani akawala karibu wote. Kwa hiyo furu akionekana mama alimwita kila mtu aje kuona.

Siku moja mama aliteka maji na furu mzima akaingia kwenye ndoo. Dume, bluu mgongoni, mkia mwekundu. Bibi alishaulizia sufuria. Mama akakataa, akaomba kwa jirani mwenye duka chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya peremende, akamtia humo na mchanga kidogo na jiwe la kujificha. Mama yangu hakuwa mtu wa mapambo. Alikuwa na kanga nne na kioo kilichopasuka. Lakini jioni alikaa mbele ya ile chupa akimtazama furu anavyolitishia jiwe, akacheka peke yake. Nilimwonea wivu yule samaki, nakwambia ukweli.

Kisha kipindupindu kikaingia pale kijijini. Shuleni mwalimu alitusimamisha mstarini kila asubuhi na kutuimbisha: maji safi na salama ni maji yaliyochemshwa. Bwana afya akapita nyumba kwa nyumba akisema hivyo hivyo. Bibi hakupenda. Alisema maji ya moto wa kuni yananuka moshi na yamekufa, na yeye kazeeka kwa maji ya ziwa. Tukaendelea kunywa ya ziwa, na aliyeugua akawa mama.

Walimbeba hadi kwenye kivuko kumpeleka hospitali, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Mimi sikuruhusiwa kumgusa. Akanitafuta kwa macho, akasema, "Furu wangu umtunze mpaka nirudi. Umpe maji safi kila siku."

Ndiyo maneno yenyewe. Umpe maji safi. Mama alimaanisha maji mapya, yaliyotoka kutekwa, kama yeye alivyofanya kila alfajiri. Mimi nilikuwa na miaka tisa na wimbo wa mwalimu kichwani. Maji ya ziwa ndiyo yaliyomwangusha mama, sasa nimwekee furu wake sumu ile ile? Na nilikuwa nimeshajiaminisha, kama watoto wanavyojiaminisha, kwamba furu akiwa hai mama naye atakuwa hai.

Nikachemsha maji sufuria nzima. Nikaifunika ikalala hadi asubuhi, nikayachuja kwa kanga ya mama, nikamwaga yale ya zamani yote na kumtia furu kwenye maji meupe ambayo hajawahi kuyaona. Alipanda juu mara moja akawa anafungua na kufunga mdomo. Nilifurahi. Nilidhani ana kiu ya maji mazuri. Niliporudi kutoka shuleni alikuwa ameelea ubavu, na ile bluu yote imemtoka.

Bibi alinikuta nalia na chupa mapajani. Hakunigombeza. Alimzika nyuma ya jiko, kisha akaniambia kwamba kwetu mgonjwa hapelekewi habari ya kifo, hata cha kuku. "Ukiulizwa, sema umemrudisha ziwani. Akipona utamweleza."

Mama alirudi baada ya siku tisa, amekonda, gauni linamning'inia. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Furu wangu yuko wapi?"

"Nimemrudisha ziwani," nikasema. "Alikuwa mpweke."

Akaniwekea mkono kichwani. "Umefanya vizuri, mwanangu. Wamebaki wachache. Huyo atatuzalia wengine."

Akapona. Sikumweleza. Kila furu aliyemkuta kwenye dagaa tangu siku hiyo alimnyanyua na kusema, "Huyu ni wa ukoo wa yule wako," na akiwa bado anahema alimtupa majini. Siku ya harusi yangu aliwaambia wakwe zangu kwamba wanapata binti ambaye tangu mdogo ana huruma hata na samaki. Watu wakapiga vigelegele, nami nikainamisha kichwa, wakadhani ni haya. Mwaka hadi mwaka nilisema nitamwambia nikienda likizo. Likizo zilikuja, tukachambua dagaa, tukacheka, nikapanda kivuko kurudi. Tulimzika mwaka jana, karibu na bibi.

Duka lile la jirani sasa ni la vocha, na pale tulipoanika dagaa pamejengwa ukuta. Hayo nayavumilia. Ninachoshindwa ni kwamba mama aliondoka akiwa ananisifu kwa jambo ambalo sikulifanya, na sasa hata nikiamua, sina pa kulisemea.

Juzi jioni nilikuwa jikoni nachambua dagaa wa sokoni. Mwanangu alikuwa mezani akimhesabia beta wake punje tatu. Katikati ya dagaa nikakuta furu mmoja, mkavu, hana rangi. Nikamweka kando ya sinia kama mama alivyofanya, na kwa muda nikasubiri maneno yake, kama mjinga. Kisha nikayasema mwenyewe, "Huyu ni wa ukoo wa yule wako."

"Yule yupi, mama?" mwanangu akauliza.

Nikanawa mikono, nikaketi, nikamwambia ukweli wote, mtoto asiyehusika, kwa kuwa anayehusika hayupo.