Ovaroli ya Fundi Betri

Mtaa mzima ulimwita Fundi Betri, naye jina hilo alilipenda. Betri za magari zilizokufa alizipasua, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo na kuyauza, na kwa kazi hiyo akawalea binti zake wawili. Alikuwa msafi wa kupindukia. Ovaroli hakuiacha kazini hata siku moja. Uchafu wako, alisema, usimwachie mwenzio. Jioni aliikunja, akaibana kwapani hadi nyumbani, na kitinda mimba wake alimkimbilia mlangoni kumpokea, akaikumbatia mpaka kwenye beseni. Fundi aliyapenda mapokezi hayo kuliko chakula.

Binti mkubwa, mwanafunzi wa sekondari, aliongoza kikundi cha vijana wa afya na mazingira. Baba alizoea kumtania kwamba wanaiokoa dunia huku vyombo vya nyumbani havijaoshwa. Vijana hao ndio waliomshawishi muuguzi wa zahanati awapime damu watoto wa mafundi. Wengi walikutwa na sumu ya risasi, na aliyewazidi wote alikuwa kitinda mimba. Vumbi la risasi hung'ang'ania nguo, muuguzi alieleza, na likishamdumaza mtoto akili, halirudishi lilichochukua. Kikulacho ki nguoni mwako, na fundi wa watu alidhani ni msemo tu.

Jumamosi vijana walipita nyumba kwa nyumba kuwaonya wazazi, majirani wakiwafuata. Binti alieleza vizuri kila mlango, ila alipofika kwao akapitiliza, macho chini. Angemwaibishaje baba yake mbele ya watu? Fundi alikuwa kibarazani. Angenyamaza, jina lake lingebaki safi, na mafundi wenzake wangeendelea kupokewa na watoto wao.

"Mwanangu, mbona umeruka nyumba yenye mgonjwa?"

"Baba, si lazima."

"Ni lazima. Waambie ni mimi niliyemletea sumu. Nami nitasimama hapa hapa."

Binti akasema yote, sauti ikimkatika, baba yake kasimama ubavuni.

Jumatatu fundi alioga kazini, akaiacha ovaroli huko, akarudi na nguo safi. Kitinda mimba akaja mbio mlangoni, akamchungulia kwapa hili na lile.

"Baba, leo nikupokee nini?"

Fundi alichuchumaa, akampa mkono.